Kofi Moja, Punguza

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama magoti yanamsumbua, anatembea kwa kushika kuta, na masikio nayo yameanza kuchagua: ukimwita aje kula anasikia, ukimwambia ameze dawa hasikii. Anakuuliza kila siku. Nikimwambia uko kazini anasema, kazi gani hiyo ya mtu mzima kukaa juu ya pikipiki kinyumenyume.

Mimi niko palepale, chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine moja kati ya tatu imekufa tangu mwaka jana, kwa hiyo shuka za wodi mbili tunazifua kwa mikono. Yule mama aliyekuwa ananishikia ncha ya pili wakati wa kukunja amestaafu, hajaletwa mwingine. Sasa ncha ya pili naibana kwenye mlango. Nikifika nyumbani miguu imevimba na mikono inanuka dawa. Mengine ni ya kawaida.

Lililonifanya nikae niandike ni mpwa wako. Amechukuliwa na timu ya baiskeli, ile kubwa uliyokuwa ukimwambia habari zake. Mwezi ujao anaendesha mashindano ya siku nne yatakayopita huko kwenu milimani. Wenzake wamempa jina la Kijiti kwa ajili ya hiyo miguu yake, na yeye kalipokea kama cheo. Miaka mitatu sasa anashindana, na mimi mama yake sina picha hata moja ya kumwonyesha mtu. Gazetini anatoka mgongo, au kofia, au gurudumu la mbele na mkono wa mtu mwingine.

Wewe ndiye unayekaa mbele yao na kamera ukiwatazama. Nipigie moja ya uso. Awe juu ya baiskeli, si amesimama wima kama wa kitambulisho. Sijakuomba kitu tangu tumzike baba, kwa hiyo usiniambie una shughuli.

Dada yako.


19 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu kwa hayo masikio ya mama. Mpe shikamoo yake, mwambie mtu mzima anayekaa kinyumenyume hajaanguka bado, mwaka wa ishirini na mbili huu. Wifi yako anakusalimu. Amenyoa nywele zote, anasema kichwa kimekuwa chepesi na mawazo yamepungua. Mimi changu kina nywele chache na mawazo yaleyale. Mgongo unaniuma asubuhi, ukipata joto unanyamaza.

Hongera kwa Kijiti. Timu hiyo si ya mchezo. Nahodha wao ndiye anayeongoza msimu huu, na kazi ya Kijiti itakuwa kukaa mbele yake amkatie upepo, ili mwenzake afike mwisho akiwa na nguvu. Ni kazi ya kuchosha na jina anapata mwingine. Kamfuata mama yake.

Uso nitakupatia, lakini nikueleze kidogo usije ukadhani ni kubonyeza tu. Dereva wangu tunamwita Taratibu, kwa sababu neno lenyewe halijui. Yeye anatazama mbele, mimi nimempa mgongo, nawatazama waendeshaji wanavyokuja. Upepo na injini haviruhusu kusemezana, basi tunaongea kwa mkono. Narudisha mkono nyuma nampiga pajani. Kofi moja, punguza. Makofi mawili, ongeza. Lugha yetu imeishia hapo. Hageuki na haulizi, maana macho yake ya nyuma ni mimi.

Na kwenye mteremko, kofi moja ni mwiko. Mtu anashuka kwa mwendo wa gari, breki zake ni vipande vinne vya mpira, wewe umpunguzie mwendo mbele yake? Vijana wote wa kamera hapa nimewafundisha mimi hilo, nawarudia mpaka wamenibandika jina, Mzee wa Mteremko.

Uso kwa hiyo unatafutwa wakipanda. Tatizo, wakipanda wote wanakunja sura kama wamelamba ndimu. Sura ya mtu mwenyewe inarudi pale kilima kinapoisha, kabla hawajaanza kushuka. Ni sekunde mbili, tatu ukibahatika. Nitamvizia hapo.

Mdogo wako.


6 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Salamu zimeishia hapo, utanisamehe.

Nimepiga simu ofisini kwenu mara tatu. Mara ya kwanza wakasema umetoka, mara ya pili umetoka, mara ya tatu aliyepokea akauliza kwanza mimi ni nani, nilipomwambia ni dada yako akasema umetoka. Basi naandika, kwa kuwa barua haimkatizi mtu njiani.

Mwanangu yuko nyumbani. Bega na paja vimechunika, vidole viwili vimefungwa pamoja. Hayo yatapona. Wanasema siku ya tatu, kilima kilipoisha, walikuwa wanne wametangulia wenzao, yeye wa kwanza na nahodha wake nyuma yake. Mteremko ulipoanza akakata njia ghafla bila sababu. Nahodha akamwingia gurudumu, akaruka, nyonga imevunjika. Mtu alikuwa anaongoza mashindano na imebaki siku moja. Kamati imemfungia Kijiti miaka miwili kwa uzembe, na timu wamemwambia arudishe jezi. Ana miaka ishirini na mitatu. Akimaliza adhabu atakuwa na ishirini na mitano na jina la mtu aliyemvunja nahodha wake. Nani atamchukua?

Nimemuuliza kilichotokea. Anasema hakumbuki. Mtoto huyu anakumbuka rangi ya kikombe alichovunja akiwa na miaka minne, leo hakumbuki.

Gari la waamuzi lilikuwa halijamaliza kona. Watatu waliokuwa nyuma yake walimwona mgongo. Dunia nzima mtu aliyekuwa akimtazama usoni saa ile ni mmoja, na mtu huyo tumenyonya ziwa moja. Nilikuomba picha ya ukutani. Sasa naiomba ya kamati. Rufaa inasikilizwa tarehe kumi na nane Septemba, na wameshasema hawataki maneno, wanataka ushahidi.

Halafu nikuulize kwa upole. Ulikuwa hapohapo. Mbona hukuja hospitali kumwona?

Dada yako.


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nisamehe, tulikuwa safarini na mbio za kusini, kisha nikapatwa na homa. Wifi yako naye mafua. Mvua huku zimekataa kuisha, kuta za chumba cha kusafishia picha zimeota ukungu, karatasi zinajikunja zenyewe.

Yaliyompata Kijiti yameniuma. Mpe pole, mwambie mjomba wake anamkumbuka. Hospitali sikuja kwa sababu picha zilikuwa zinasubiriwa gazetini, na unajua wakubwa wa kule walivyo, kwao hata msiba una saa zake.

Kuhusu picha, bahati mbaya. Mkanda wa siku ile uliingia mwanga. Kifuniko cha kamera kililegea kwenye matuta, na nilipousafisha ukatoka mweusi tii toka mwanzo hadi mwisho. Hutokea. Na mwenyewe sikuona vizuri, vumbi lilikuwa jingi. Ningekuwa na kitu ningekupa, unanijua.

Miaka miwili si mingi kwa kijana. Afanye mazoezi, apumzishe mwili. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kazi nilipokuwa na umri wake na sikufa.

Msalimie mama. Mwambie nakuja mwisho wa mwaka nikijaliwa.

Mdogo wako.


21 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zako amezipata mama. Alinisomesha barua yako yote, nikafika kwenye ule mkanda akasema, huyu anadanganya. Nikamwambia mama, husikii hata nikikuambia dawa. Akasema, hilo nimelisikia.

Mimi sisemi kitu. Nakupa tu habari. Hapa wodini walifungia vyombo kwa magazeti ya zamani, nikaona picha ya mshindi wa siku ile ya tatu anavuka mstari, mikono juu. Chini yake wameandika jina lako. Siku hiyohiyo, saa moja tu baada ya mwanangu kuanguka. Labda kifuniko kilijikaza chenyewe. Njia ya mwongo fupi, baba alikuwa akituambia, na wewe ndiye uliyekuwa ukiambiwa zaidi.

Kijiti sasa yuko nami chumba cha kufulia. Nimemwombea kazi ya kusukuma toroli ya nguo chafu kutoka wodini. Anaamka alfajiri bila kuamshwa, anasukuma. Wauguzi wanamtania kwamba toroli yetu sasa ndiyo yenye kasi kuliko magari ya wagonjwa, anacheka kwa adabu. Mchana ananishikia ncha ya pili ya shuka. Tunakunja tukitazamana, hatua tatu mbele, hatua tatu nyuma, na yule mtoto haniangalii machoni.

Baiskeli ameitundika ukutani, matairi ameyatoa upepo. Nimechoka, mdogo wangu. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha.

Kama una la kuniambia, niambie. Kama huna, basi nijibu tu kwamba huna, nijue nimebaki na nini.

Dada yako.


15 Julai

Dada,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Mvua zimekoma, sasa ni vumbi. Wifi yako amepata kazi ya nusu siku katika duka la vitambaa, anarudi na vipande vya masalia, nyumba nzima imekuwa viraka. Mwenye nyumba anataka kupaka rangi, tumemwambia ngoja kwanza ukungu ukauke.

Taratibu ameacha kuendesha. Sijui kwa nini. Amemrudishia tajiri wake pikipiki, anasema mikono imechoka. Wamenipa dereva mwingine, kijana mzuri, ila anaogopa kona.

Magoti ya mama, mjaribuni kumkanda kwa maji ya moto yenye chumvi.

Hilo lingine nitakuandikia.

Mdogo wako.


3 Agosti

Mdogo wangu,

Mama tunamkanda. Asante.

Zimebaki wiki sita na siku nne.

Dada yako.


22 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Mama aliposema nadanganya alisikia sawasawa.

Mkanda haukuingia mwanga. Uko mzima. Niliusafisha jioni ileile nikautia katika kopo la majani ya chai, juu ya kabati, wifi yako asipofika. Leo asubuhi nimechapisha picha tatu na kuzipeleka kamati kwa mkono wangu, pamoja na mkanda wenyewe na karatasi niliyoitia sahihi. Yaliyomo kwenye karatasi hiyo nakuandikia na wewe, usije ukayasikia ukumbini.

Kilima kilikuwa kimeisha. Kijiti alikuwa mbele, nahodha nyuma yake. Sekunde zile mbili za sura nilizokwambia zilikuwa zimenipita, kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamwingia machoni. Tulikuwa tumeshaanza kushuka. Ndipo akainua uso, akaniona, akanitambua. Nikarudisha mkono nikampiga Taratibu kofi moja.

Mimi, Mzee wa Mteremko.

Taratibu akapunguza, kama alivyofanya miaka yote bila kuuliza. Pikipiki ikawarudia. Kijiti hakuwa na pa kwenda, kushoto ukingo, kulia shimo, mbele sisi. Alikata ili asitugonge. Nilibonyeza mara tatu. Katika ya kwanza utaona kivuli chetu barabarani kimefika kwenye gurudumu lake. Ya pili ameshageuza usukani. Ya tatu usiitazame ukiweza.

Kwa nini nilipiga kofi lile, sina la maana la kukuambia. Niliona kitu nikakitaka, basi.

Sikuwa nimeamua kunyamaza. Siku ile nilisema nitangoja mpaka jioni, nione hali yao. Jioni nikasema kesho. Kesho yake waamuzi wakatangaza ni uzembe wa Kijiti, na kila mtu akawa ananipa pole kama mjomba wa mkosaji, nami nikazipokea. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi. Niliogopa kunyang'anywa kibali changu cha kupiga picha mbioni, niliogopa vijana wale niliowafundisha, na zaidi nilikuogopa wewe.

Kuna lingine, na hili ndilo lililonitoa. Nilikuandikia sijui kwa nini Taratibu ameacha kazi. Najua. Alikuja nyumbani mwezi wa saba akakaa kwenye ngazi, akasema, "Kaka, nimewaza sana. Siku ile ulinipiga makofi mawili, na mimi kwa uchovu nikasikia moja. Nimevunja watoto wa watu." Nilimmiminia chai, dada. Akanywa, akanishukuru, akaenda kurudisha pikipiki. Nimekaa na hilo wiki tano. Jana nikamfuata nikamwambia. Hakunitukana. Aliinuka akaingia ndani akafunga mlango, na mkewe akatoka kuniambia niende.

Wifi yako nimemweleza pia. Haongei nami ila kwa mambo ya jikoni.

Sikuombi kitu.

Mdogo wako.


29 Septemba

Mdogo wangu,

Mama hajambo, magoti yamepungua.

Adhabu wameifuta. Walitangaza palepale, haikuchukua hata saa moja. Timu ile kubwa haimtaki tena, wameshajaza nafasi, lakini anaruhusiwa kushindana na jina lake limesafishwa. Nahodha aliletwa na magongo yake, akampa mkono. Wewe najua wamekunyang'anya kibali. Mmoja wao alisoma karatasi yako kwa sauti mbele ya watu, neno kwa neno, ila pale pa chai walipaacha.

Sasa ya kwangu. Nimekasirika na sijui niikalishe wapi hasira hii. Miezi minne mwanangu amesukuma nguo zenye damu za watu wasiomjua kwa sababu wewe uliogopa. Nilikuandikia kwa upole, ukaniambia mvua. Nilikuandikia nimechoka, ukaniambia rangi ya nyumba. Mtu baki angenifanyia hivyo ningemsahau. Wewe siwezi kukusahau, na ndiyo taabu yenyewe.

Picha zile walizipanga mezani. Ya tatu sikuitazama. Ya kwanza niliitazama mpaka karani akaniuliza kama nimemaliza. Ni uso wa mwanangu, mzima, ameanza kucheka. Barua yako inasema uliona kitu ukakitaka. Aliyekitaka ni mimi. Niliandika kwa mkono wangu, na nikakuambia usiniambie una shughuli. Wewe barua zote hizo, na uoga wako wote huo, ungeweza kuandika mstari mmoja, "Dada, ni wewe uliyeomba," ukajitua mzigo. Hukuuandika. Hilo ndilo lililonizuia nisichome barua zako. Sikuambii kwamba nimekusamehe. Nakuambia nimeliona.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi nje, nikamuuliza mwanangu kama sasa amekumbuka. Akasema hakuwahi kusahau. "Niliuona mkono wa mjomba ukirudi nyuma," akasema. "Sote tunajua maana yake." Nikamuuliza kwa nini basi amenifanya mjinga miezi yote hii. Akasema, "Ningesema, wangedhani namsingizia. Tena ni mjomba. Nilitaka nimpe nafasi aseme mwenyewe." Nikamwambia, miezi minne unampa mtu nafasi? Akasema, "Sikujua atatumia yote, mama."

Tarehe tisa Novemba kuna mbio za siku moja, zinaanzia na kuishia hapa mjini kwetu. Amepata timu ndogo ya wenye duka la baiskeli, jezi wameshona wenyewe na mikono haifanani urefu. Anataka uje. Mimi sijasema uje, wala sijasema usije.

Dada yako.


9 Novemba

Dada yangu,

Utashangaa kupata barua yenye muhuri wa posta ya mjini kwako. Naandikia kwenye benchi la kituo cha mabasi, karatasi iko juu ya begi, utavumilia mwandiko. Tumeachana sasa hivi tu. Nimemwona mama, nimekunywa chai yako, nimeketi kitini kwako na hukunifukuza. Kijiti alipoingia na vumbi lake akaniambia "shikamoo mjomba" kama siku zote. Nashukuru kwa yote hayo.

Sikukueleza kazi ninayofanya sasa, na hukuniuliza. Nimepata studio moja, napiga picha za vitambulisho. Kaa hapo, inua kidevu, usitabasamu. Taratibu amerudi barabarani, anamwendesha kijana mmoja niliyemfundisha mimi. Kunisalimia bado.

Ninaloandikia ni la leo asubuhi.

Tulisimama pale mbele ya duka la rangi, wewe na mkoba wako, mimi hatua tatu pembeni yako, na kwa saa mbili tulisemezana mara moja tu, ulipoomba nisogee kivulini. Halafu likapita lile gari la kengele linalowatangulia, kisha wakaja. Dada, miaka ishirini na miwili nimewatazama waendeshaji wakinijia, mimi nakimbia nao, nyuso zao ziko palepale mbele yangu naweza kuchagua. Kwenye mstari wa mwisho wananijia vilevile. Pembeni mwa barabara sijawahi kusimama. Ulikuwa upepo, na rangi, na mlio wa minyororo, watu sitini kwa pamoja, na nilipogeuza shingo barabara ilikuwa tupu na watu wanakunja viti.

Ukaniuliza, "Umemwona?"

Nikasema, "Nimemwona. Yuko katikati, yuko vizuri."

Ndipo uso wako ukalegea kidogo, mara ya kwanza tangu nishuke kwenye basi, ukaja ukanishika mkono tukaenda zetu nyumbani. Chai yote ile nimeinywa kwa neno hilo.

Sikumwona, dada. Nilimtafuta na sikumwona. Ni jambo dogo, na ningeweza kupanda basi nikaondoka nalo, ukaishi na furaha yako na mimi na siri yangu. Basi linaondoka saa kumi, na sanduku la posta ni lile pale, kwa hiyo barua hii naitia humo kabla sijapata nafasi ya kusema kesho.

Kama wewe ulimwona, niandikie alikuwa wapi.

Mdogo wako.